Kutambua au Kukisia? Istilahi za Hisia na Mashine Kazini

Mwaka 2012 Daniel McDuff na wenzake wanne walichapisha maelezo ya mtambo walioupa jina la AffectAura. Mtambo huo ulikusanya picha, sauti, dalili za mwili na kumbukumbu za shughuli za mtu awapo kazini, ili baadaye aweze kuitafakari siku yake. Ulijaribiwa kwa watumiaji 6, na taarifa zilizokusanywa zilizidi saa 240. Kazi hiyo ni ya uangalifu, na yastahili kusomwa na watu wetu. Matatizo huanza pale dhana zake zinapohamishiwa katika Kiswahili.

Istilahi inayotumika aghalabu ni *utambuzi wa hisia*. Kutambua ni kukijua kwa hakika kitu kilichopo. Mchungaji humtambua ng'ombe wake. Karani wa benki huitambua saini ya mteja. Asiye na hakika hatambui, bali hukisia. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba mtambo wao hutambua. Walisema kwamba hubashiri. Wala haukutaja hasira au huzuni. Ulikadiria mambo matatu tu: uzuri au ubaya wa hali, kiwango cha msisimko, na kiwango cha mtu kuzama katika shughuli. Basi mfasiri anayeandika *utambuzi* humpa mwenye mashine hakika ambayo mtafiti hakuitoa.

Hakika hiyo ina mashaka hata kwa wanasaikolojia. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi, wakaonyesha kwamba mtu mwenye hasira hakunji uso kila mara, na aliyekunja uso si lazima awe na hasira. Huenda anawaza tu.

Historia ya Same yatukumbusha kwamba jina halitoshi kulihalalisha jambo. Katika miaka ya 1940 watu wa Upare walitozwa kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, nayo ikaitwa *mbiru*, jina lililotokana na desturi ya zamani ya kuwatolea watawala. Jina lilikuwa la nyumbani, lakini jambo lilikuwa geni. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga, nao wakafanya hivyo kwa utulivu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika habari hizo kwa kirefu. Wenye kutunga istilahi wapate hapo mafundisho mawili: jina zuri halileti ridhaa, na utulivu wa uso si dalili ya kuridhika.

Istilahi ya pili yenye walakini ni *mfanyakazi wa maarifa*, inayofasiri dhana iliyoenezwa na Peter Drucker tangu mwaka 1959. Katika Kiswahili maarifa si mali ya ofisi. Wakulima wa Milima ya Upare hukusanya maji katika mabwawa yaitwayo *ndiva*, kisha huyagawa mashambani kwa zamu. Kazi hiyo yahitaji kujua mteremko, udongo, majira na haki ya kila jirani. Kama huyo si mfanyakazi wa maarifa, ni nani? Drucker alimkusudia mtu ambaye chombo chake cha kazi ni elimu aliyoipata kwa masomo rasmi. *Mfanyakazi wa kitaaluma* yatosha, wala haimdhalilishi mkulima.

Jambo hili si ubishi wa maneno tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde, ya mwaka 2024, imekataza tangu Februari 2025 mitambo ya kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siku moja ofisa utumishi ataletewa karatasi isemayo kwamba mashine *imetambua* uvivu au chuki katika uso wa karani. Neno hilo litakuwa limekwisha kumhukumu karani kabla hajajitetea. Ikiandikwa kwamba mashine *imekisia*, ofisa atauliza: kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo tunapendekeza *ukisiaji wa hisia* mahali pa *utambuzi wa hisia*, na *mfanyakazi wa kitaaluma* mahali pa *mfanyakazi wa maarifa*. Walimu na wafasiri wayapime maneno haya katika kazi zao kabla hayajasanifiwa.