Mafundi wa Kutuliza Mwali

Moto ndani ya bomba huweza kuimba. Mwaka 1859 Pieter Rijke, mwanafizikia wa Leiden, Uholanzi, aliweka wavu wa chuma ndani ya bomba lililosimama wima, akaupasha moto, na bomba likavuma. Sababu ilielezwa na Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1878: joto likiongezwa hewa inapogandamizwa, mtetemo hukua, likiongezwa hewa inapotanuka, hufifia. Ni kama kusukuma bembea: nguvu kidogo tu, ikija kwa wakati wake, humpeleka mtoto juu.

Ndani ya injini, wimbo huo ni balaa. Vyuma hupata nyufa, pengine moto wenyewe ukazimika. Wahandisi wa injini ya F-1, iliyorusha roketi ya Saturn V, walikuwa wakilipua mabomu madogo kwa makusudi ndani ya chumba kinachowaka, waone kama mwali utatulia upesi. Walistahili kila sifa waliyopewa.

Katika ndege, tatizo limezidi kwa sababu njema. Oksidi za nitrojeni, zinazochafua hewa, hutokea kwa wingi moto unapokuwa mkali mno. Basi wabunifu huchanganya mafuta kidogo na hewa nyingi kabla ya kuwaka. Mwali huo ni safi, lakini ni mwepesi kushtuka. Tena hewa iliyokuwa ikipitishwa kwenye vitundu vya kuta kuzipoza, na papo hapo kumeza sauti, sasa inahitajika kwenye mchanganyiko.

Hapo ndipo ufundi unapodhihirika. Injini ya GEnx, inayorusha Boeing 787 za Kenya Airways, ina mwali mdogo usiotetereka katikati ya kila kinyunyizio, na mwali mkuu unaouzunguka. Kazi ngumu ni kugawa mafuta baina ya hiyo miwili. Watafiti wa NASA mjini Cleveland wamejaribu njia ya kijasiri zaidi: kihisio husikiliza mgandamizo, kompyuta hukokotoa, na vali huyapimia mafuta mara mamia kwa sekunde ili joto lije kinyume cha mdundo. Uzuri wa kazi hii uko katika kuwahi. Mtetemo ukiwa wa mara 500 kwa sekunde, vali ikikosea kwa milisekunde 1 tu itachochea kilekile ilichotumwa kukituliza.