Ukumbusho wa Nani? Mabishano ya Mlola juu ya Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe Zilizotolewa Upya

Uhakiki wa muziki wetu umezoea kushughulikia maneno ya nyimbo: mtunzi amesema nini, amemfunza nani, amemkosoa nani. Hiyo ni kazi njema, na walimu wengi wa Kiswahili wamenufaika nayo darasani. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ni hili: wimbo tunaouhakiki tumeupata wapi, na je, huo ndio uleule uliopigwa na wanamuziki siku walipoingia studio? Katika fasihi andishi hakuna mwalimu atakayekubali kufundisha shairi lililonyofolewa beti mbili bila ya kuwaambia wanafunzi wake kwamba limenyofolewa. Katika muziki jambo hilo hutendeka kila siku, wala hatushtuki.

Swali hili nilikutana nalo siku moja ya gulio huko Mlola, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya migomba, na wakulima waliokwisha kuuza viazi na kabichi zao walikuwa wamejisogeza katika mgahawa kunywa chai ya tangawizi. Kijana mmoja, ambaye kazi yake ni kuwaingizia watu nyimbo katika simu zao, alikuwa akipiga wimbo wa marehemu Mbaraka Mwinshehe na bendi yake ya Super Volcano. Wimbo ulipokwisha, mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na jiko alitua kikombe chake, akasema, "Mjukuu wangu, mbona umeukata?"

"Sikuukata, babu," kijana akajibu. "Huu ndio mzima. Umetoka katika Ukumbusho."

"Basi huo Ukumbusho umesahau," mzee akasema, na mgahawa mzima ukacheka.

Kicheko kilipopoa yakaanza mabishano yaliyodumu mpaka gari la mwisho la Lushoto lilipopiga honi. Nayaleta hapa kwa sababu ndani yake mlikuwamo hoja ambazo wahakiki wetu wangalipaswa kuzitoa zamani.

Kwanza yafaa tukumbushane historia. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa bendi ya Morogoro Jazz, ambayo alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Akiwa na bendi hiyo alikuza upigaji wa gitaa la solo mpaka jina lake likavuma pembe zote za nchi, na mwaka 1970 alifika Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia yaliyojulikana kama Expo 70. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Katika miaka hiyo yote Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na zilipotaka santuri zilitegemea makampuni ya Kenya. Mpaka wa nchi hizi mbili ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi Novemba 1983, njia ya halali ya santuri hizo kurudi nyumbani ilizibika. Baada ya kifo cha Mbaraka, kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake zilizokuwa zimetapakaa katika santuri ndogo, ikazitoa upya katika mfululizo wa juzuu ulioitwa Ukumbusho. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani nayo ikatoa sidii iliyoitwa Masimango, yenye nyimbo za Morogoro Jazz. Huko ndiko zilikotoka nyingi kati ya nakala zinazozunguka leo kutoka simu hadi simu.

Hapa pana tofauti kubwa kati yetu na wenzetu wa Ulaya. Beatles wa Uingereza walitoa albamu yao ya Sgt. Pepper mwaka 1967. Ilipochanganywa sauti upya na kutolewa tena mwaka 2017, wapenzi wao walibishana kama kazi ya asili imeboreshwa au imeharibiwa. Lakini wabishi wale walikuwa na kitu cha kukirejea: utaratibu wa nyimbo uliopangwa na bendi yenyewe, na kanda za asili zilizohifadhiwa. Sisi mabishano yetu ni magumu zaidi, kwa kuwa Super Volcano haikuzipanga juzuu za Ukumbusho. Zilipangwa baada ya mwenye bendi kuzikwa. Asili yetu ni santuri ndogo, yenye wimbo mmoja au miwili, na santuri hiyo imo katika sanduku la mtu fulani, chini ya nguo, ikizidi kukwaruzika.

Hoja ya kwanza ya mzee wa Mlola ilikuwa juu ya ukamilifu wa wimbo. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba muziki wa dakika nne au tano hivi, hali wimbo wa dansi ukipigwa ukumbini huweza kwenda mara mbili ya hapo. Kwa hiyo ilikuwa desturi kuugawa wimbo: upande wa kwanza mwimbaji hueleza kisa chake, na upande wa pili magitaa na saksofoni huingia katika chemko, ile sehemu ya kasi ambayo wachezaji huisubiri. Mzee alisema kwamba santuri yake ina pande zote mbili, na kwamba wimbo wa kijana umeishia pale ambapo wenye kucheza walikuwa ndio kwanza wanainuka vitini. "Umetupa pole za msiba," alisema, "ukatunyima pilau."

Nadhani mzee alikuwa na haki. Msikilizaji anayesikia upande wa kwanza peke yake atamhukumu Mbaraka kuwa mtunzi wa visa vya huzuni aliyejua pia kupiga gitaa. Anayesikia pande zote mbili atatambua kwamba kisa na chemko ni kitu kimoja: huzuni hutajwa na mmoja, kisha hubebwa na wote kwa miguu. Kuukata wimbo hapo katikati ni kubadili maana yake, hata kama hakuna neno moja lililofutwa.

Lakini ni nani aliyeukata? Kijana hakujua. Aliupata kwa mwenzake wa Lushoto, naye aliupata kwa mwingine wa Tanga. Wimbo ulikuwa na jina moja tu, limeandikwa kwa makosa, bila ya jina la bendi wala mwaka. Huenda ulikatwa katika kuutoa upya, au njiani baadaye, na hatukuwa na njia ya kuamua. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo ule ulikuwa umepotea nusu, na habari ya kupotea kwake tuliipata kwa bahati ya mzee mmoja kuja kunywa chai.

Hoja ya pili ilikuwa juu ya usafi wa sauti. Hapa kijana alijitetea vizuri. Alisema kwamba katika santuri ya mzee mchakacho ni mwingi kuliko muziki, na kwamba yeye hulisikia besi waziwazi, jambo ambalo wazee hawakuwahi kulipata katika redio zao. Mtu mmoja akadakia kwamba usafi huo ni wa uongo, na kwamba nyimbo zilizotolewa upya zimeharakishwa. Yeye anaujua wimbo ule, na sauti ya Mbaraka ilikuwa nzito na ya taratibu. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu alipomwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, wewe uliusikia kwa kaseti?" Akasema naam. "Na betri ulizibadilisha lini?" Watu wakacheka tena, maana kila aliyeishi vijijini miaka ile anajua kwamba betri zikichoka mkanda huburuzika, na mwimbaji huzeeka miaka ishirini kwa siku moja.

Kisa hiki ni kichekesho, lakini kina fundisho kwa mhakiki. Tunachokiita sauti ya asili mara nyingi ni sauti ya chombo chetu na ya ujana wetu. Hata hivyo lisichukuliwe kuwa jibu la kumnyamazisha kila mwenye kulalamika. Mchakacho unapochujwa, pamoja nao huweza kuondoka ukali wa nyuzi za gitaa na mlio wa matoazi. Gitaa la solo katika muziki wetu hukaa juu, katika sauti nyembamba, mahali hasa panapopitiwa na chujio. Msafishaji asiyeujua muziki wa dansi huweza kufagia uchafu pamoja na punje. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: usafi ni sifa pale unapotufikisha karibu zaidi na wapigaji, na ni dosari pale unapotufanya tumsikie msafishaji.

Hoja ya tatu aliileta yule mwalimu mstaafu, nami naiona kuwa kubwa kupita zote. Yeye alikuwa na kanda aliyoinasa kutoka redioni, yenye wimbo uleule kwa jina na kwa maneno, lakini gitaa lilikuwa likienda njia nyingine. Hapakuwa na ajabu: bendi huweza kuupiga wimbo mmoja kwa ajili ya redio na kuupiga tena kwa ajili ya santuri, na wanamuziki wenye kipaji hawajirudii kama kasuku. Basi katika mgahawa mmoja wa Mlola palikuwa na nyimbo tatu zenye jina moja: ya santuri, ya redio, na ile nusu ya simu. Mhakiki anayetaka kusema lolote juu ya ufundi wa Mbaraka lazima kwanza aseme anazungumzia ipi.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya majina na tarehe. Chukua wimbo juu ya Dokta Kleruu. Dokta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa tarehe 25 Desemba 1971 katika mgogoro uliohusu siasa ya vijiji vya ujamaa, na Mbaraka akiwa na Morogoro Jazz alitunga wimbo wa kumwomboleza. Kwa wasikilizaji wa wakati ule wimbo huo ulikuwa taarifa na tanzia. Mwanafunzi wa leo akiupata katika nakala isiyo na mwaka wala maelezo atausikia kama kilio cha mtu asiyemjua kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kanda imehifadhiwa, lakini historia iliyokuwa ndani yake imemwagika.

Na majina yenyewe si ya Mbaraka peke yake. Neno Ukumbusho ni zuri, lakini ni haki kuuliza: ukumbusho wa nani? Dansi ni kazi ya wengi. Pana gitaa la rithim linaloshikilia wimbo kama nguzo ya kati ya nyumba, pana besi, pana ngoma, pana wapulizaji, pana waitikiaji. Nyota mmoja akifa na nyimbo zikatolewa upya kwa jina lake, wenziwe ambao hawajafa huzikwa pamoja naye. Toleo jema lingetuambia ni nani alipiga nini, na wapi. Ujumaa ule unasikika katika muziki; kwa nini usisomeke juu ya jalada?

Mama mwenye mgahawa, ambaye muda wote alikuwa akikusanya vikombe, ndiye aliyeuliza swali la mwisho: "Na hao waliopiga, wanapata nini?" Hakuna aliyemjibu upesi. Tangu mwaka 1999 nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na chama cha hakimiliki, COSOTA, kiliundwa kwa sheria hiyo. Lakini haki haiwezi kumfikia mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Swali la mama yule na hoja ya mwalimu ni jambo moja: daftari linalomhudumia mhakiki ndilo linalomhudumia mpiga besi.

Je, basi, kuzitoa nyimbo hizi upya kulikuwa na faida? Mimi nasema ndiyo, tena kubwa. Bila ya Ukumbusho na matoleo yaliyofuata, kijana wa Mlola aliyezaliwa baada ya Mbaraka kufa asingalijua hata la kubishania. Wanaodai kwamba nakala zote mpya zitupwe, zibaki santuri za zamani peke yake, wanataka urithi wa taifa uwe siri ya wenye masanduku. Dosari niliyoiona ni kwamba tumeupokea muziki wetu kutoka Nairobi na Ujerumani kwa shukrani, tukadhani kazi yetu imekwisha. Waliotoa upya walifanya sehemu yao. Kuulinganisha, kuuandikia tarehe na kuwatambua wapigaji ni kazi inayohitaji watu waliokuwapo ukumbini, nao wako kwetu.

Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Mwanafunzi wa sekondari anayejua kulinganisha matini mbili za utenzi aweza pia kulinganisha santuri ya babu yake na nakala ya simu: ipi ndefu, ipi ya kasi, gitaa linaingia wapi, jina gani limeandikwa juu ya karatasi ya katikati. Kwa daftari na kalamu atakuwa amefanya uhakiki wa kweli, na atakuwa ameokoa kitu.

Kabla ya gari kuondoka, yule kijana alimfuata mzee mlangoni. "Babu," alimwambia, "gulio lijalo niletee ile santuri. Nitaazima mashine."

"Nitakuletea," mzee akajibu, "lakini uandike pande zote mbili."