Mama Asiye na Mume katika Vitabu Vyetu

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mwanamke anayelea mtoto bila ya mume. Tunaye msimbe, tunaye mtalaka, tunaye mjane, na siku hizi vijana wamemwongeza singo maza. Mtoto wake naye hakusahauliwa. Jina kali kuliko yote alilopewa ni mwanaharamu, analobebeshwa kiumbe ambaye hakushauriwa katika jambo lolote. Lakini mwanamume aliyempa binti mimba kisha akatoweka, huyo anaitwaje? Tutamwita mhuni au mzinzi, maneno yanayomfaa kila mwenye mwenendo mbaya, awe amezaa au hakuzaa. Jina lake mahsusi hatuna. Pengo hilo la lugha ndilo ninalotaka kulitazama katika vitabu ambavyo walimu na wanafunzi wetu wamevisoma kwa miaka mingi.

Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya Rosa Mistika mwaka 1971, na kwa muda ilizuiliwa isisomwe shuleni. Kosa lake lilikuwa kusema waziwazi katika jamii iliyozoea kufunika kombe ili mwanaharamu apite. Wasomaji wengi humkumbuka Rosa na kifo chake cha kujiua, wakaisahau nyumba alimotoka. Nyumba ya Zakaria na Regina kule Ukerewe ni ya ndoa halali kabisa: baba yupo, mama yupo, na watoto wana jina la kuitwa. Humo ndimo mna ulevi na kipigo, na humo ndimo Rosa anakuzwa kwa hofu mpaka hofu yenyewe inamharibu. Kwa kuonyesha hivyo mwandishi alitenda jambo la ushujaa, maana alituthibitishia kwamba kuwapo kwa baba nyumbani si malezi.

Hata hivyo, ushujaa huo una mpaka. Rosa hupata mimba, lakini hapati kuwa mama. Riwaya iliyothubutu kusema mengi haikuthubutu kumwacha azae, amlee mwanawe, aende sokoni kuuza dagaa, agombane na jirani, na azeeke akiwa mtu miongoni mwa watu. Wapo watakaosema kwamba tanzia haina budi kuwa tanzia. Kweli, lakini mwanafunzi anayekutana na msichana wa namna hiyo kitabu baada ya kitabu, na kila mara akaona hukumu ya mauti au ya fedheha, hatasema kwamba amesoma tanzia. Atasema amesoma kanuni.

Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed mambo yamechimbwa zaidi. Talaka inamfikia Tamima katika siku za uzazi, wakati ambapo mwanamke anahitaji maji ya moto na mkono wa kumshika. Hapa mwandishi hakumficha mtenda dhuluma. Maksuudi anatajwa, anaonekana, na heshima yake ya mjini inavuliwa nguo mbele ya msomaji. Penina Muhando naye, katika tamthilia aliyoiita Hatia (1972), alimpandisha jukwaani msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na jina la mchezo peke yake linatosha kuwafanya watazamaji waulizane ni hatia ya nani. Miaka kumi baadaye, katika Nguzo Mama, aliwaonyesha wanawake wa kijiji kizima wakishindwa kuisimamisha nguzo yao. Naiona tamthilia hiyo kuwa ya kweli kuliko mashairi yetu mengi ya kumsifu mama, na nasema hivyo nikiwa mtunzi wa mashairi ya aina hiyo. Sisi washairi humpamba mama kwa lulu na marijani, mradi tu awe na mume.

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba ukali huu ni ulinzi wa mila. Mila zipi? Waluguru wa milima ya Morogoro huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mtoto wa huko hakosi ukoo kwa sababu baba yake hayupo. Ukoo wake alizaliwa nao. Kwa Wakurya wa Mara ipo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng’ombe, akamwoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Sisemi kwamba desturi hiyo haina dhuluma. Binti anayetolewa kwa ng’ombe anaweza kutolewa bila ya kuulizwa moyo wake. Nasema tu kwamba babu zetu walijua zaidi ya namna moja ya kujenga familia, na anayedai kuwa wote waliijua moja tu hajawauliza.

Kwa hakika ukali mwingi tunaouita mila uliandikwa ofisini. Sheria ya mwaka 1949 iliyohusu matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki katika vitabu vya sheria hadi ilipotungwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wakati ambapo shilingi 100 haikununua hata soda. Zanzibar, sheria ya mwaka 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa afungwe gerezani kwa kupata mimba, na adhabu hiyo ya kifungo haikuondolewa mpaka mwaka 2005. Mimi mwenyewe, katika utumishi wangu, nimepokea fomu nyingi zenye mstari wa jina la baba. Nimewaona akina mama wakiinua kalamu hapo, wakatazama pembeni, kisha wakaandika jina la babu wa mtoto. Fomu hupita. Mwandishi wa riwaya angepata sura nzima katika kule kuinua kalamu, na sijaisoma bado.

Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana wa Tanzania Bara walioacha shule kwa ajili ya uzazi waruhusiwe kurudi madarasani. Mwalimu wa Kiswahili aweza basi kuwa na mwanafunzi aliyemwacha mwanawe kwa bibi alfajiri, akaja na daftari lake. Siku atakapomtaka asimame na kuichambua dhamira ya Rosa Mistika, wenzake watageuza shingo kumtazama. Katika vitabu nilivyovitaja humu, hakuna hata kimoja ambacho mwalimu huyo angeweza kumpa akampate mama wa umri wake, mwenye mtoto na asiye na mume, anayeendelea kuishi tu.