"All Set" ya Milton Babbitt: Je, Ni Jazi?

Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Brandeis, katika Marekani, kiliwaagiza watunzi 6 watoe tungo mpya kwa tamasha lake: watatu mabingwa wa jazi, na watatu waliolelewa katika muziki wa vyuoni. Mmoja wa hao wa vyuoni alikuwa Milton Babbitt, mwalimu wa Princeton, naye akatoa kazi ya dakika 8 hivi aliyoiita "All Set". Wapigaji wake ni wanane: wa saksafoni wawili, wa tarumbeta, wa tromboni, wa piano, wa vibrafoni, ndiyo marimba ya vyuma, wa besi kubwa ya nyuzi, na wa ngoma.

Msomaji aliyefundisha do, re, mi ajua ya kuwa wimbo una kwao: hutoka kwa do, huzunguka, kisha hurudi kwa do. Utaratibu alioufuata Babbitt, ambao Arnold Schoenberg aliuanzisha yapata mwaka 1921, humwondolea do ukuu wake. Sauti zote 12 za piano hupangwa katika safu moja, wala hakuna iliyo bwana wa nyingine. Safu hiyo yaweza kupandishwa, kushushwa, kupinduliwa, au kusomwa toka mwisho. Babbitt alizidi hapo: alichagua safu ambayo sauti zake 6 za kwanza, zikikutanishwa na 6 za kwanza za safu iliyopinduliwa, hutimiza zote 12 bila kurudia hata moja. Hata jina ni mchezo wa maneno, kwa kuwa kwa Kiingereza cha kila siku maana yake ni "tayari kabisa", na "set" ndilo neno alilotumia kwa safu.

Basi tuseme neno letu. Moyo wa jazi ni ile ruhusa apewayo mpigaji ya kubuni papo hapo, mbele ya watu, jambo ambalo hata yeye hakulijua jana. Katika "All Set" ruhusa hiyo haipo. Wapigaji hupokezana kwa zamu kama ilivyo desturi ya jazi, lakini kila noti, hata ya ngoma, imekwisha andikwa. Kwenye piano alikuwa Bill Evans, kijana wa miaka 27, fundi wa kubuni asiye na wengi wa kulingana naye. Katika tamasha lile lile Gunther Schuller, kwa utungo wake "Transformation", alimfungulia mlango: sauti 12 zaanza, zageuka jazi polepole, ndipo piano yajisemea yenyewe. Babbitt hakumfungulia, nasi twaihesabu kuwa hasara.

Hata hivyo tusidhani kwamba aliidharau jazi. Alikulia Jackson, Mississippi, na katika ujana wake alipiga klarineti na saksafoni katika bendi. Alichochukua si utamu wa jazi, kama wafanyavyo waazimaji wengi, bali usemi wake: noti fupi, kali, zirushwazo toka chombo hiki hata kile kabla sikio halijatulia. Kwa hiyo kazi hii si jazi, lakini ni kazi ya mtu aliyeisikiliza sana.

Sisi tuliisikiliza santuri mara tatu. Mara ya kwanza hatukuambulia kitu. Mara ya pili tuliifuata vibrafoni peke yake, tukapata njia. Mara ya tatu tuliifuata ngoma, na mguu ukaanza kupiga sakafu. Kisha, baada ya kitambo kidogo, mguu ukapotea.