Mafuta yafike kwanza ku biele: tupime dawa ya "ongeza presha"

Ku garaji zetu na ku video za vijana wanaokimbiza magari, kuna dawa moja inayotolewa kwa kila moteri yenye nguvu: beka mafuta mazito, funga resori ngumu ku pompi, presha ipande. Wamarekani wa mashindano wameifanya kuwa kanuni kabisa: psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya dakika. Kwa mizunguko 7000 hiyo ni psi 70, karibu bar 4,8. Inafaa tuipime, juu biele ikikatika kwa mwendo ule inaweza kutoboa bloku, na bloku haishonwi kama suruali.

Kwanza, presha ya pompi haibebi biele. Moto ukisukuma pistoni chini, mzigo unaofika ku kusineti ni wa mamia ya bar, na pompi yako iko na tano tu. Kinachobeba ni utando wa mafuta. Shingo la vilebrekeni likizunguka linakokota mafuta hadi pale penye nafasi nyembamba, mafuta yanabanwa, na presha kubwa inazaliwa palepale. Utando wenyewe ni mikroni chache, wakati mwingine hata moja haifiki. Pompi, kazi yake njo kuleta mafuta mapya, juu ya zamani yanatoka pembeni yakiwa yamechemka. Sasa ukibeka mafuta mazito, mshale unapanda kweli, lakini sababu moja ni kwamba mafuta yanapita kwa shida. Unafurahia mshale, kusineti inapata kidogo.

Ford waliliona jambo hili mu moteri yao 427 ya litre 7. Mu bloku ya kwanza, mafuta yalipanda kwanza kwa abrakamu na supapu, kisha yakashuka ku kusineti za paliye, na kutoka pale ku biele. Kwa gari ya kwenda kazini, hakuna neno. Kwa mashindano ya saa nyingi, wenye mzigo mkubwa walikunywa mwisho, kama watoto wadogo kwenye sahani ya bukari. Mwaka 1965 wakatoa bloku nyingine: mfereji mkubwa umetobolewa chini, ubavuni, unalisha paliye kwanza, na supapu zinangoja. Dawa haikuwa kuzidisha nguvu ya pompi. Walibadilisha foleni.

Mwaka 1966, GT40 Mk II zenye moteri hiyo zilichukua nafasi ya 1, ya 2 na ya 3 ku Le Mans, na gari iliyoshinda ilitembea kilometa 4843 ndani ya saa 24. Wapenzi wa Ford wanapenda kusema mfereji wa ubavuni njo ulioleta ushindi. Wanazidisha. Gari zile zilikuwa pia na tanki ya mafuta ya pembeni, na pompi za kufyonza karteri, ili mu kona ndefu pompi isivute hewa. Mafuta yenye povu ni adui mbaya: mshale unaweza kuonekana mzuri, kumbe utando umeshakatika.

Turudi kwa ile kanuni ya psi 10, maana haikutoka hewani. Kuna vilebrekeni ambazo tundu la mafuta linapita katikati kabisa ya shingo la paliye. Mafuta yanaingia kutoka nje, yanapaswa kufika ndani, lakini mzunguko unayarudisha nje. Kwa shingo la milimita 70, hesabu inatoa karibu bar 0,7 kwa mizunguko 3500, na karibu bar 2,8 kwa 7000. Mizunguko mara mbili, presha inayohitajika mara nne! Kanuni yenyewe inapanda mstari ulionyooka, hasara inapanda kwa mraba, donki kadiri unavyokimbiza moteri ndivyo akiba inavyoliwa. Fundi mwenye akili anatoboa tundu lisilopita katikati, na sehemu kubwa ya ile hasara inapotea bila kugusa pompi.

Wengine wanachimba mfereji kuzunguka kusineti yote ya paliye, ili biele ilishwe bila kukatika. Biele inafurahi, ni kweli, lakini kusineti ya chini, yenye kubeba mzigo, imekatwa vipande viwili vyembamba na utando wake unapungua. Mimi ningeacha mfereji kwa nusu ya juu tu. Na kusineti ya biele yenyewe, usiiguse na msumeno hata siku moja. Pima nafasi yake: karibu elfu moja ya kipenyo cha shingo, yaani milimita 0,06 kwa shingo la milimita 62. Ukiiongeza mara mbili, mafuta yanayotoka pembeni yanakaribia kuwa mara nane, na hapo hata pompi mpya ya bei kali itashindwa.