Kukata kisiki: namna ya kumrudishia mkulima mbuni wake

Ukiiacha barabara kuu ya Tunduma pale Mlowo na kuingia vijijini, hukosi kukutana na mibuni mirefu iliyojaa majani kileleni na mitupu katikati. Mwenye shamba atakwambia imezeeka, ing'olewe. Mara nyingi mizizi yake bado ni mizima. Kilichochoka ni shina na matawi.

Kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Sehemu ikishazaa, haizai tena. Basi kila mwaka matunda husogea kuelekea nchani, mpaka mti unalisha tawi refu tupu kwa ajili ya konzi moja ya buni. Mibuni hufika hapo isipopogolewa, na wakulima walikuwa na sababu ya kuiacha. Mkataba wa mgawo wa kahawa katika soko la dunia ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka. Mwaka 1994 biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na utaratibu wa kukopa dawa na mbolea kupitia ushirika ukayumba. Nani ahangaike kupogoa mti usiomlipa?

Kuurudisha ni kukata kisiki. Mavuno yakiisha, kabla mvua hazijashika, shina hukatwa kwa msumeno sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mshazari, maji yasituame. Panga halifai: hupasua shina, na ufa hukaribisha ugonjwa. Baada ya miezi michache kisiki hutoa machipukizi chungu nzima, na hapa ndipo wengi huharibu. Aliyekosa mavuno kwa miaka huona kila chipukizi ni mali, akiyaacha yote anapata kichaka. Yabaki mawili au matatu, yenye nguvu na yaliyoachana. Mengine yaondolewe, na kazi hiyo irudiwe, maana kisiki hakikomi kuchipua.

Mavuno ya kwanza huja mwaka wa pili, ya kueleweka mwaka wa tatu. Ugumu uko hapo, kuliko kwenye msumeno. Ekari ya nafasi ya futi 9 kwa 9 ina mibuni kama 538. Kuikata yote kwa mpigo ni kujinyima ada ya watoto. Afadhali theluthi kila mwaka, na maharage katikati ya mistari. Mahindi hapana, yatakivika kisiki kivuli.

Tahadhari moja: kisiki hakibadilishi mbegu. Mti ulioliwa na ugonjwa wa chulebuni utaliwa tena. Kenya waliwahi kupandikiza Ruiru 11, aina stahimilivu iliyotolewa mwaka 1985, juu ya mibuni ya zamani, mizizi ikabaki ileile. Kwetu, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, TaCRI, yenye kituo Mbimba hapa Mbozi, ilianza mwaka 2005 kutoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kushika jembe la kung'olea, jiulize mti wako umeshindwa na umri wa matawi au na ugonjwa. Kama ni matawi, kata theluthi mwaka huu. Kama ni chulebuni, nenda Mbimba ukaulize miche.