Mlangoni tunauliza swali baya

Leo sina tangazo la kazi wala la kilio. Nataka kukosoa kibao.

Mnakijua wote. Kiko kwenye milango ya biro za vyuo vyetu, Butembo kama Beni: kwenye sekretaria, kwenye maabara, kwenye kliniki. «Accès interdit à toute personne étrangère au service.» Rangi nyekundu, wakati mwingine na fuvu la kichwa chini yake kana kwamba ndani mna umeme mkali. Maana yake: asiye wa kazi hii asipite.

Sasa niambieni, chuo kikuu kinaishi na nani kama si watu wasio wa kazi ile? Kila mwaka wanaingia mamia ya vijana ambao hakuna aliyewaona mbele. Mzazi anakuja kuuliza deni la mtoto wake. Profesa mgeni anatoka Kisangani ama Bukavu, anafundisha majuma mawili, anarudi. Fundi wa mashine ya fotokopi, mama wa mandazi, kijana wa kuleta karatasi kwa moto. Kibao kinawakataza wote, na kwa hiyo hakimzuii hata mmoja. Kazi moja tu kinafanya: kinamwambia sentineli amtafute «mgeni». Na maskini sentineli, ambaye hakufundishwa kitu, anamtafuta kwa vitu alivyo navyo: viatu, sura, matamshi. Njo pale linatoka swali lile: «Weye, unatoka fasi gani? Uko mutoto wa nani?»

Swali hilo ni baya. Sisemi ni baya kwa sababu linakosa adabu, ijapokuwa linakosa. Nasema halifanyi kazi.

Katika taasisi moja nilikofanya kazi, ambayo sitaitaja, mtu aliingia saa tano ya mchana, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Alisalimia kila biro: «Bonjour shefu, bonjour mama.» Sekretere alifikiri ni mgeni wa mhasibu. Mhasibu alifikiri ni fundi wa intaneti. Fundi wa intaneti siku ile hakuwa hata kazini. Bwana yule akatoka na kompyuta mbili ndani ya mfuko, na sentineli akamfungulia lango kwa heshima zote. Juma lililofuata, kwa hasira ya kompyuta zile, kijana wa kutoka upande wa Rutshuru aliyeleta memwari yake alikalishwa kwenye jua masaa mawili, kadi yake ya kura imeshikwa, juu ya matamshi yake paka. Profesa wake alikuwa ndani anamngoja na kumlaumu kwa kuchelewa.

Mwizi alipita kwa kuwa alifanana na sisi. Kijana yule hakufanana, akazuiwa. Wengine mtaniambia hilo ni jambo dogo, kompyuta zinanunuliwa. Basi tutoke kwenye kompyuta.

Oktoba 2014, wakati mauaji ya raia yalipoanza kushika Beni na pembeni yake, mtu mmoja alishukiwa ndani ya basi. Sababu zilizotajwa ni mbili: alikuwa na panga, na hakuweza kusema Kiswahili cha hapa. Watu wakamuua kwa mawe, wakamchoma. Panga! Katika jimbo la wakulima. Nani kati yetu hajapanda gari na mwenye panga ama jembe kwenye mfuko wa lumbesa? Kwa hiyo kilichobaki ni ulimi. Mtu alihukumiwa kwa mtihani wa Kiswahili, bila mwalimu, bila karatasi. Naelewa hofu ya watu wa Beni, nimeishi ndani yake. Lakini hofu haimpi mtu jicho la kumtambua adui. Inampa haraka.

Na chuo kikuu hakiko salama na mtihani wa namna hiyo. Wakubwa wetu wanaikumbuka Lubumbashi. Mei 1990, siku chache tu baada ya Mobutu kutangaza tarehe 24 Aprili mwisho wa chama kimoja, wanafunzi wa kampasi waliwafichua wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali, wakawapiga. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 umeme ukakatika, watu wenye silaha wakaingia katika mabweni. Waliookoka wanasimulia kwamba neno la kupitia lilikuwa «Lititi», na aliyejua kujibu «Mboka» aliachwa. Serikali ilikubali kifo cha mtu mmoja; wengine wanahesabu makumi, wengine mamia. Angalieni vizuri mfuatano wake: kwanza wanafunzi wanawachambua wenzao, kisha wauaji wanawachambua wanafunzi, na kipimo ni kile kile, unatoka wapi. Ukishazoeza kampasi kuuliza swali hilo mchana, usishangae likiulizwa usiku na mwenye bunduki.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo Butembo hatupendi kulisema kwa sauti. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, katika Cliniques Universitaires du Graben, Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alikuwa anaongoza mkutano na wenzake wa kazi ya Ebola. Wavamizi wakaingia, wakawalaza watu chini, wakachukua vitu vyao, wakafyatua risasi. Yeye akafa, wengine wawili wakajeruhiwa. Hiyo ni biro ya chuo kikuu, wandugu. Meza, viti, orodha ya waliohudhuria.

Kila ninapolitaja, jibu linakuja mbio: «Wangeweka polisi mingi.» Mimi nabisha. Siku zile Riposti, kama tulivyoiita, haikukosa polisi wala askari. Ilitembea nao. Gari za vioo vyeusi, bunduki mbele, bunduki nyuma, na katikati mtu wa kuja kukuambia mama yako hatazikwa na watoto wake. Mwezi wa pili mwaka ule vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshashambuliwa, na tarehe 7 Machi, kule Geneva, Joanne Liu, rais wa Madaktari Wasio na Mipaka, alisema wazi kwamba kutumia polisi na nguvu kunawasukuma wagonjwa kujificha. Hakusikilizwa vya kutosha.

Kwa maelezo ya viongozi wa mji wakati ule, wavamizi wa Ijumaa Kuu waliwalaumu wageni kwamba ndio walioleta ugonjwa. Hapo ndipo kibao chetu kinanichekesha kwa uchungu. Ndani ya chumba kile kila upande uliona «mtu wa nje» kwa mwingine. Na shaka ile haikuzaliwa siku ile. Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo: karibu robo hawakuamini kwamba Ebola iko kweli, na chini ya theluthi waliamini kwamba viongozi wa hapa wanawatetea. Kisha tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ikatunyima kura pamoja na nchi nyingine, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Ebola. Kesho yake waandamanaji wa Beni wakavamia kituo cha wagonjwa. Nani alipanda mbegu hiyo? Si sentineli wa mlangoni.

Na kuna mkia wa habari hiyo unaokiangusha kibao kabisa. Agosti 2019 mwendesha mashtaka wa kijeshi alitangaza kukamatwa kwa madaktari watatu, Wakongo, akiwashuku kuwa na mkono katika mpango wa mauaji. Madaktari wenzao wa Butembo wakawatetea na kutishia mgomo. Kuamua nani alikuwa na haki ni kazi ya mahakama, si ya ukurasa huu. Lakini oneni: shaka ilipogeuka, iliwageukia watu wenye koti jeupe na funguo za mlango. Watu wa kazi ile.

Nisieleweke vibaya. Hakuna swali la mlangoni linalozuia risasi, na anayewaahidi hilo anawauzia bongo. Mwenye silaha akishaingia, kazi ni kuokoa roho: kutombishia, kutomkimbiza akitoka, kutojitia ushujaa, kumwachia simu na kompyuta, na kuwa na mlango wa pili. Huu mlango wa pili ni hoja yangu kubwa kuliko zote na hakuna anayetaka kuisikia, kwa sababu ni hoja ya fundi uashi. Tembeeni katika vyuo vyetu mhesabu kumbi zenye mlango mmoja, madirisha yamefungwa nondo nene, na mlango wa nyuma uliokuwepo umezibwa kwa makabati ya memwari za zamani. Tumejikinga na mwizi wa projekta kwa namna ambayo siku ya moto ama ya risasi tutakuwa kama kuku katika kitunga.

Wengine wanasema tufanye mazoezi. Sikatai, lakini tuwatazame waliotutangulia. Kenya, baada ya Garissa, ambako tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu, walikuwa na sababu zote za kujitayarisha. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la shambulio, na milio ya risasi, na wengi hawakuambiwa. Watu wakaruka kutoka juu ya ghorofa. Mfanyakazi mmoja wa chuo akafa, wengine wakaumia. Adui hakuwepo hata kidogo. Hofu peke yake iliua. Zoezi linalotufaa ni la kutembea, mchana, kila mtu ameambiwa: hapa tunatokea, hapa tunakutana, huyu ndiye anayepiga simu. Halichukui hata nusu saa. Hakuna kamera, njo maana wakubwa hawalipendi.

Sasa yule wa kawaida, mtu usiyemjua anayezunguka kwenye korido. Huyo ndiye tunakutana naye kila juma, na kwake swali zuri lipo: «Karibu, umekuja kwa nani?» Basi. Halafu mwenye kutajwa anapigiwa simu, anashuka mwenyewe kumchukua mgeni wake. Bwana wa shati la pasi angekwama pale pale, maana hakuwa amekuja kwa mtu. Kijana wa Rutshuru angepita kwa dakika tatu. Swali hili halihitaji kujua kabila, wala kushika kadi ya kura ya mtu. (Kwa nini tunashika kadi? Sisi hatuna kitambulisho kingine, na tunamwachia mtu wa mlango ile moja tuliyo nayo.) Akikosa jibu, usimfungie njia, usimwite mwizi mbele ya wanafunzi, msindikize polepole hadi nje, na mwingine awe ameshaita wakuu. Neno «mwizi» likipigwa kelele katika mji wetu, dakika kumi baadaye mtu anaweza kuwa amekufa, awe ameiba ama hakuiba. Hilo halihitaji mfano, kila kartiye ina wake.

Lakini swali zuri linahitaji mtu wa kuliuliza, na hapa nawageukia ninyi wenyewe mnaosoma. Ni nani tunamweka mlangoni? Mzee aliyeshindwa kazi nyingine, analipwa baada ya wote, mwezi mwingine halipwi. Hana simu ya kazi wala orodha ya wafanyakazi. Tena asijaribu kumsimamisha mwenye gari. Tunafika, tunapiga honi, tunamnyooshea kidole cha haraka: «Papa, fungua, hunijui?» Na ni kweli, hatujui. Siku anapothubutu kutuuliza tumekuja kwa nani, tunampeleka kwa katibu mkuu. Mtu aliyefundishwa namna hiyo kuwaogopa wenye shati la pasi, mnataka amsimamishe mwizi mwenye shati la pasi kwa nguvu gani?

Kwa hiyo naiomba kamati ya chama chetu, ambayo imeandika barua kwa marekta kuomba kamera, iongeze mistari mitatu. Mtu wa mlango alipwe pamoja na wengine, tarehe ile ile. Kila ukumbi uwe na mlango wa pili usiozibwa. Na kibao kishushwe, kipakwe upya, kwa Kiswahili: «Karibu. Taja jina la uliyekuja kumuona, atakuja kukuchukua hapa.» Najua maprofesa watalalamika kwamba ngazi ni nyingi. Basi wapewe biro za chini.